Mdomo Ukipinda, Chunga Jicho Kwanza

Na Daktari Wetu

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwenye kliniki yangu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu. Wiki 5 zilizotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe uliokuwa ndani ya fuvu, karibu na sikio. Upasuaji ulifaulu na uvimbe wenyewe haukuwa saratani. Hata hivyo, nusu ya uso wake ilikuwa imelegea. Mdomo ulivutwa upande mmoja, na kila alipokunywa chai ilimtiririka kidevuni. "Daktari," aliniambia, "nitasimamaje mbele ya wanafunzi nikiwa hivi?"

Tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu mdomo wake. Nilimpima shinikizo la damu na kumtuliza moyo. Niliona kwamba jicho la upande uliolegea lilikuwa jekundu, nikamuuliza kama linauma. Akajibu kwamba haliumi hata kidogo. Niliridhika na jibu hilo, nikamwandikia dawa ya matone na kumwambia arudi baada ya mwezi.

Siku 12 baadaye mumewe alimleta. Alikuwa ameona doa jeupe katikati ya jicho la mkewe. Lilikuwa kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, na tayari kilikuwa kimeingia ndani. Hakikumuuma kwa sababu neva inayopeleka maumivu ya jicho kwenye ubongo nayo ilikuwa imeumia. Kosa lilikuwa langu. Mimi na mgonjwa sote wawili tuliutazama mdomo, na ilhali kilichokuwa hatarini ni jicho.

Msomaji, ikiwa wewe au mtu wa jamaa yako ametibiwa uvimbe na uso ukabaki umelegea, somo la wiki hii ni lako. Mdomo uliopinda unaudhi na kutia haya, lakini hauwezi kukupofusha. Jicho lisilofumba linaweza.

Neva ya uso na safari yake

Kutoka kwenye ubongo hutokea jozi 12 za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia hasa kichwa na shingo. Neva ya 7 ndiyo neva ya uso. Kuna moja kila upande. Ndiyo inayokuwezesha kukunja paji la uso, kufumba macho, kutabasamu, kupuliza na kubana midomo. Pia hubeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi, na kuamrisha tezi ya machozi itoe machozi.

Safari ya neva hii ni ndefu na yenye kona nyingi. Ikitoka kwenye ubongo, hupita ndani ya tundu jembamba la mfupa ikiwa bega kwa bega na neva ya 8, ambayo ni ya kusikia na ya mizani ya mwili. Kisha huzunguka ndani ya mfupa wa sikio, hutokea chini ya sikio, hupenya katikati ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na hapo hugawanyika matawi kwenda usoni.

Ukiielewa safari hiyo, utaelewa kwa nini uvimbe wa mahali pengine huishia kuulegeza uso. Kuna uvimbe ambao huota kwenye neva ya 8. Huu si saratani na aghalabu hukua polepole. Mgonjwa huanza kwa kupoteza uwezo wa kusikia katika sikio moja, kusikia mvumo usiokoma, au kuyumba anapotembea. Wengine hupata uvimbe katika ile tezi ya mate, na baadhi ya uvimbe wa hapo huwa ni saratani. Katika hali zote mbili, daktari wa upasuaji hufanya kazi kando kabisa ya neva ya uso. Hata akiwa hodari namna gani, neva inaweza kuvutwa, kuvimba, au hata kukatwa pale ambapo uvimbe umeizingira. Matibabu ya miale pia yanaweza kuidhoofisha, wakati mwingine miezi kadhaa baadaye.

Hapa kuna onyo moja. Uso ukilegea ghafla kwa mtu yeyote, hasa pamoja na udhifu wa mkono au mguu au kushindwa kusema, huenda ni kiharusi. Mkimbize hospitalini mara moja. Na uso unaolegea kidogo kidogo kwa wiki nyingi au miezi bila sababu kujulikana, sharti uchunguzwe kwa picha ya MRI, kwa kuwa huenda kuna uvimbe ambao bado haujagunduliwa.

Kwa nini jicho liwe hatarini?

Kope hufunguliwa na neva moja na kufumbwa na nyingine. Neva ya kufungua haipiti njia ile ndefu niliyoieleza, kwa hivyo haiguswi. Neva ya kufumba ndiyo neva ya uso. Matokeo yake ni jicho ambalo hukaa wazi usiku na mchana, kama mlango ambao umepoteza bawaba.

Mtu mzima hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Kila anapopepesa, kope hutandaza machozi juu ya kioo cha mbele cha jicho, kiitwacho konea, na kufagia vumbi. Kope likikoma kufanya kazi hiyo, konea hukauka, hukwaruzika, kisha viini vya maradhi hupata mahali pa kuingilia. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe ambalo mwangaza haupiti vizuri. Kikizidi, jicho linaweza kutoboka.

Wagonjwa wengi huniuliza: "Daktari, mbona unasema jicho ni kavu na machozi yananitiririka shavuni?" Sababu ni kwamba kope la chini limelegea na kuning'inia, na machozi hayasukumwi tena kwenye kijitundu chake kinachoelekea puani. Yanamwagika nje badala ya kutandazwa. Jicho linaweza kulia huku konea ikikauka.

Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa neva ya 5 nayo imeumia. Hii ndiyo inayohisi mguso na maumivu usoni na kwenye jicho. Uvimbe mkubwa karibu na sikio unaweza kuifikia. Mgonjwa wa namna hii akiingiwa na mchanga jichoni hatajua. Kwa hivyo, ikiwa shavu au paji la uso limekufa ganzi upande huo, usingoje maumivu ndipo utafute daktari. Jicho lisilouma ndilo la kuogopewa zaidi.

Jipime mbele ya kioo

Simama mbele ya kioo mahali penye mwangaza, au umwombe mtu wa nyumbani akutazame. Fumba macho polepole kama anayelala. Je, makope yanagusana? Kama hayagusani, je, unaona sehemu nyeupe tu au duara jeusi pia? Watu wengi wanapojaribu kufumba, jicho hujigeuza juu na konea ikajificha chini ya kope la juu. Hiyo ni bahati njema. Ikiwa duara jeusi linabaki wazi hata unapojaribu kufumba, wewe ni wa kuonwa na daktari wa macho siku hizi hizi, si mwezi ujao.

Kisha mwombe mtu huyo akuchungulie ukiwa usingizini. Jicho linaloonekana kufumba mchana huenda likabaki wazi kidogo usiku.

Ukifika kwa daktari, mwombe akupime konea kwa rangi. Tone la rangi ya manjano hutiwa jichoni, kisha humulikwa kwa taa ya buluu. Mahali palipokwaruzika hung'aa kijani. Ni kipimo rahisi cha dakika chache, na ndicho ambacho sikukifanya kwa yule mwalimu. Kabla ya rangi, aguse konea kwa ncha ya uzi wa pamba ili ajue kama jicho bado linahisi.

Utunzaji wa mchana

Tumia machozi ya kutengenezwa, yaani matone ya kulainisha jicho. Mwanzoni huenda ukahitaji kuyatia kila saa moja au mbili. Kwa kuwa dawa nyingi za chupa huwa na kemikali ya kuzihifadhi ambayo huwasha jicho ikitumiwa sana, ukitia zaidi ya mara 4 kwa siku uliza aina isiyo na kemikali hiyo. Nawa mikono kwanza, na ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.

Jizoeshe kulifumba jicho kwa kidole. Vuta kope la juu chini polepole kwa kidole safi kila baada ya dakika chache, hasa unaposoma au kutazama televisheni.

Vaa miwani yenye kinga za pembeni unapotoka. Upepo, vumbi na moshi ni adui. Katika matatu, usiketi karibu na dirisha lililo wazi. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti yenye kioo cha mbele. Jikoni, jiepushe na moshi wa kuni au makaa. Unapooga, linda jicho dhidi ya sabuni, na kwa msusi kataa dawa za kupulizia nywele. Nyumbani, miwani ya kuogelea ivaliwayo bila kubana husaidia kuhifadhi unyevu.

Utunzaji wa usiku

Matone hayadumu usiku kucha. Tumia marhamu ya jicho. Huwa nzito na hutia ukungu machoni, ndiyo maana hutumiwa wakati wa kulala. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabisa.
2. Vuta kope la chini, kamua marhamu kiasi cha sentimita 1 ndani yake.
3. Tazama chini, kisha vuta kope la juu kwa upole mpaka jicho lifumbe kabisa.
4. Bandika utepe mwembamba wa plasta ya karatasi kutoka kwenye kope la juu hadi shavuni, ukielekea upande wa nje. Plasta isiingie ndani ya jicho.
5. Jitazame kwa jicho la pili, au mtu akutazame, kuhakikisha kwamba hakuna nafasi iliyobaki.

Usielekeze feni usoni unapolala. Wenzetu wa Pwani, ambao hawawezi kulala bila feni, waigeuzie miguuni.

Mambo ya kuepuka

Usifunike jicho kwa pamba au kitambaa likiwa bado wazi ndani. Kitambaa hulisugua na kulitia kidonda lile jicho ulilodhani unalikinga. Lifumbe kwanza, ndipo ulifunike.

Usitie maziwa ya mama, asali, maji ya chumvi wala maji ya majani. Najua jirani ana habari za mtu aliyepona hivyo. Jicho lililokwaruzika haliwezi kupambana na uchafu unaoingia nalo.

Usinunue matone yenye dawa za steroidi bila kuandikiwa na daktari. Huondoa wekundu haraka na kukufurahisha, huku yakiwezesha maradhi kuenea chini chini.

Usivae lenzi za kubandika ndani ya jicho, isipokuwa kama daktari wa macho amekuchagulia lenzi maalumu za tiba.

Lini ukimbie hospitalini

Nenda siku hiyo hiyo ukiona moja kati ya haya: wekundu unaoongezeka, uoni kufifia, doa jeupe au la kijivu kwenye duara jeusi, usaha, kuumizwa na mwangaza, au maumivu mapya. Vituo vya kitaalamu vya macho vipo: Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali ya macho ya Kikuyu kwa walio karibu na Nairobi, Sabatia kule Vihiga, na kituo cha macho cha Kwale kwa watu wa Pwani. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hakikisha umesajiliwa na uulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa, badala ya kuuliza jicho likiwa limeshaharibika.

Upasuaji wa kope

Ikiwa neva inatarajiwa kuchukua muda mrefu kupona, au jicho halihisi, kulinda kwa matone pekee huenda kusitoshe. Njia moja ni kushona pembe ya nje ya makope ili uwazi upungue. Wengi huiogopa kwa sababu ya sura, lakini mshono huo unaweza kufunguliwa baadaye hali ikiwa nzuri.

Njia nyingine ni kuweka kipande kidogo cha dhahabu au platinamu ndani ya kope la juu. Huwa na uzito wa gramu 1 hivi, na hulivuta kope chini unapolegeza macho. Kumbuka kwamba hufanya kazi vyema ukiwa umeketi au umesimama. Ukilala chali uzito haulivuti tena kope upande unaotakiwa, kwa hivyo marhamu ya usiku inaendelea. Madini haya hayavutwi na sumaku, lakini mjulishe mhudumu wa MRI kila unapopigwa picha. Kope la chini lililoning'inia nalo linaweza kukazwa. Kwa walio na ukavu mwingi, vijitundu vya kupitishia machozi huzibwa kwa vizibo vidogo ili machozi yakae jichoni.

Je, neva itapona?

Hili hutegemea hali ya neva, na ni haki yako kumwuliza daktari aliyekupasua: "Neva yangu mliiacha ikiwa nzima?" Kama haikukatwa, wengi hupata nafuu, ingawa huchukua wiki au miezi, na kwa wengine mwaka mzima au zaidi. Uso uliokuwa sawa baada ya upasuaji na kulegea siku chache baadaye huwa na matumaini mazuri. Nyuzi za neva zilizoharibika humea upya kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku. Hakuna dawa ya kuzikimbiza, na yeyote anayekuuzia hiyo anakuibia.

Kama ilikatwa, au hakuna dalili yoyote ya kupona, kuna upasuaji wa kuiunganisha kwa kipande cha neva nyingine, au kuazima neva ya kutafuna au ya ulimi. Lakini misuli isiyopata ujumbe wa neva hukonda na kufa. Baada ya mwaka mmoja hivi nafasi huanza kupungua. Usingoje miaka 3 ndipo uulize.

Neva inapomea huweza kupotea njia. Ukitabasamu jicho likafumba, au ukila machozi yakadondoka, usishangae. Wale wanaolia wakila, sisi madaktari huita machozi yao machozi ya mamba, na hayana huzuni ndani yake. Mtaalamu wa mazoezi ya uso anaweza kukufundisha miendo midogo midogo mbele ya kioo. Kukaza uso kwa nguvu, kupuliza puto na kutafuna chingamu kutwa nzima hakuiharakishi neva, na huenda kukaongeza huko kuvutana. Kwa wanaosumbuka sana, sindano za botulinamu hulegeza misuli inayokaza.

Kuishi na watu

Kula polepole, tafuna upande wenye nguvu, na baada ya kila mlo pitisha kidole au mswaki shavuni kutoa mabaki, la sivyo meno yataoza. Ukinywa, bana pembe ya mdomo kwa kidole. Aliyepoteza kusikia katika sikio moja ageuze kichwa chote anapovuka barabara, kwa kuwa hataweza kujua gari linavuma kutoka upande gani.

Nanyi mnaoishi na mgonjwa, uso wake hauwezi kuonyesha yaliyo moyoni. Msidhani amenuna au anawadharau. Mtazameni anapoongea, na kila jioni mmoja wenu atazame lile jicho. Aliyeliona doa la mwalimu wetu alikuwa mumewe, wala si mimi niliyekuwa na shahada.

Mwalimu yule alipelekwa kwa wataalamu wa macho siku ile ile. Alitiwa dawa usiku na mchana, pembe ya kope ikashonwa, na kidonda kikapona. Kovu lilibaki. Kwa jicho hilo sasa huona mwangaza na umbo la mtu, lakini hawezi kusoma. Mdomo wake ulirudi kwa kiasi kikubwa baada ya miezi 10, jambo ambalo hata yeye husema lilimsumbua kuliko lilivyostahili. Amerudi darasani. Wanafunzi wanaouliza maswali sana amewaketisha upande wa sikio lake zima, na katika mkoba wake, kando ya kalamu nyekundu, hakukosi chupa ya matone.

Mimi nami tangu siku hiyo nimebadilika. Akija mgonjwa ambaye uso wake umelegea, kabla hajaketi vizuri na kunieleza habari za mdomo, humwambia: "Tafadhali, fumba macho nikuone."